Brashi Mpya Huanzia Shavuni kwa Kinyozi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo pua yangu huikumbuka kabla ya kichwa changu. Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani, miaka michache baada ya Uhuru, ndani ya duka dogo la kinyozi pale Majengo, Nyeri. Nilikuwa na brashi ya kunyolea mkononi, na povu nilikuwa nimelipaka tayari kichwani mwa mwalimu wa madrasa. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaongoja zamu, maana kesho yake ni Idd na hakuna aliyetaka kwenda kuswali na kichwa cha jana. Ghafla nikajua jambo ambalo mle ndani hakuna mwingine aliyelijua. Nitakufikisha hapo. Usiniharakishe, mimi si redio.

Ninaanza na hili kwa sababu naona vijana mmerudia kunyoa kwa brashi na sabuni. Vizuri. Zile mashine zenu zinazolia kama nyuki aliyeingia chupani sikuzipenda hata siku moja. Lakini juzi mjukuu wangu alikuja kunionyesha brashi aliyoagiza kwa simu, anatabasamu mpaka masikioni. Nikamuuliza ni nywele za mnyama gani. Akanijibu, ati, Guka, yaani babu, ni za kahawia. Nimemuuliza mnyama, ananipa rangi! Nilicheka, kisha sikucheka tena, kwa sababu mimi mwenyewe nikiwa na umri wake sikuuliza hata hiyo rangi.

Kwetu ni Gatitu. Siku hizo Gatitu ilikuwa mashamba zaidi kuliko maduka, na mama yangu alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, kama majirani wengi. Nguruwe akichinjwa, kazi yangu ilikuwa kummwagia maji ya moto na kumkwangua manyoya mpaka ngozi ibaki nyeupe. Ile harufu ya manyoya ya nguruwe yakipata maji ya moto haifanani na nyingine yoyote duniani. Siwezi kukuambia ni mbaya au ni nzuri. Ukiijua umeijua, na usipoijua utafikiri ni harufu ya mnyama tu.

Kazi ya kunyoa niliipata kwa njia ya makaa. Nilikuwa nikiwauzia watu wa Majengo makaa ya jiko, na mmoja wa wanunuzi wangu alikuwa Mzee Salimu, kinyozi aliyekuwa na duka la mabati si mbali na msikiti. Baba yake alipandishwa huku kama askari wa serikali ya wakoloni, akaoa, akabaki. Yeye alizaliwa hapo Majengo, bahari hajaiona kwa macho, na Kikuyu alikizungumza kuliko mimi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Changu kilikuwa cha kuokota njiani. Nilipomwambia asubuhi moja "makaa yangu ni kizuri," aliniuliza kama Kiswahili nakipasua kwa shoka lilelile ninalopasulia kuni.

Alinipenda, sijui kwa nini. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo, na binti zake walikuwa wameolewa mbali. Akaniambia niache makaa, nije nijifunze wembe. Kwanza nilifagia na kuchochea jiko la kuchemshia maji. Kisha nikajifunza kunoa wembe kwenye ukanda, kupiga povu, na kushika shabu kwenye mkato ili damu ikauke. Ndipo akaniruhusu kunyoa vichwa, yeye amesimama nyuma yangu akihema shingoni kwangu. Mwaka ule alitoa ahadi: Idd ikipita salama, kiti cha pili kitakuwa changu, na nikisimama kwenye kiti changu sitasimamiwa tena na mtu. Mwanangu, kwa kijana aliyekuwa hana shamba wala cheti, kiti kile kilikuwa maisha.

Sasa, brashi ya zamani ilikuwa imechoka. Ilikuwa ikitoa nywele, na mteja anaondoka na nywele mbili shavuni ambazo si zake. Mzee akasema nitaichagua mpya mimi, kwani mtu asiyeweza kuchagua brashi hawezi kuaminiwa wembe. Akanifundisha jinsi ya kuichagua, na mafundisho hayo bado ni kweli, kwa hiyo sikiliza. Ishike kwa mkono uliolowa, sio mkavu, kwa maana kazini mkono haukauki. Kama mpini unateleza, iache dukani. Ibonyeze kwenye kiganja: nywele zipinde, zisilale. Ukiinua zirudi zenyewe. Halafu vuta nywele chache kwa kidole na gumba. Zikitoka mkononi mwako leo, kesho zitatokea shavuni kwa mtu.

Na akanifundisha kuizoeza. Brashi mpya huwa ngumu na ina harufu yake ya kuzaliwa. Unailoweka kwenye maji ya moto kiasi, yale ambayo kidole kinaweza kuvumilia, maana maji yanayotokota huunguza nywele na kulegeza gundi. Unaipiga povu, unaisuuza, unaikung'uta, unaining'iniza nywele zikiangalia chini. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Pole pole ncha zinapasuka na kuwa laini, na harufu inakwenda zake. Lakini povu hilo halimwagwi bure. Linapakwa usoni. "Brashi mpya," alisema Mzee Salimu, "haigusi uso wa mtu mpaka imezoea uso wa kinyozi. Mimi nina ndevu zangu za heshima. Kwa hiyo uso ni wako."

Watu husema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mzee Salimu hakuipenda methali hiyo. Alisema imetungwa na vinyozi wavivu.

Basi nikaenda mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza kila kitu, kuanzia misumari hadi kanga. Nikamwomba maji nikalowesha mkono, akanishangaa. Nikabonyeza, nikavuta, nikabonyeza tena. Nikaipata moja nzito, nywele zimesongamana, mpini mweusi unaong'aa, ngumu kweli kweli. Nikaona nimepata dume. Nikalipa, nikatoka nikipiga mluzi. Kuuliza si ujinga, wanasema, na mimi sikuuliza.

Ilikuwa imebaki zaidi ya wiki kabla ya Idd. Muda wa kutosha. Nikaipeleka Gatitu ili niizoeze nyumbani kila asubuhi. Siku ya kwanza nikaipitisha shavuni ikiwa kavu, ikanikwaruza. Na mimi wakati huo, usicheke, sikuwa na ndevu ila vile vinywele vitatu vya kidevuni, na mashavu yalikuwa yamejaa vipele vya ujana. Nikajiambia, sasa mimi nisiye na ndevu nitaipaka wapi? Tena asubuhi za Nyeri unazijua. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, kuni zimelowa, nani atachemsha maji kwa ajili ya brashi? Nikawa naichovya tu kwenye maji baridi ya mtungi, naikung'uta, naining'iniza. Ilionekana imeloa, ilionekana imefanya kazi. Mzee alipouliza, nikamwambia iko tayari. Haraka haraka haina baraka, na uvivu pia hauna, ila uvivu hauna methali maarufu kama hiyo.

Ndipo siku ile ikafika. Watu walianza kuja asubuhi, wamefunga, midomo mikavu, kila mtu mpole kwa njaa. Wa kwanza kuketi alikuwa mwalimu wa madrasa, Mwalimu Abdalla, mtu mrefu ambaye watoto wa Majengo wote walipita mikononi mwake. Mzee Salimu alininong'oneza nimshughulikie mimi. Nilielewa: ananionyesha kwa watu. Nikachovya brashi kwenye maji ya moto, mara ya kwanza kabisa kuipa maji ya moto, nikaizungusha kwenye sabuni, nikampaka mwalimu kichwa kizima, povu zuri, zito. Na mvuke ukapanda.

Nikaijua palepale. Nilisimama pale Majengo lakini pua yangu ilikuwa Gatitu, nyuma ya nyumba, nimeshika kisu cha kukwangulia na mama anamwaga maji.

Nikawatazama watu kwenye benchi. Hakuna aliyekunja pua. Mzee Salimu mwenyewe alikuwa akinoa wembe kwa utulivu. Na wangejuaje? Hawajawahi kumkaribia nguruwe maishani, sembuse kumwogesha maji ya moto. Mle ndani palikuwa na pua moja tu iliyojua, na ilikuwa yangu. Moyo ukaniambia nyamaza. Mnyoe mwalimu haraka, iteleze brashi chini ya benchi, chukua ile ya zamani, jioni uitupe hii mtoni. Nani atakuuliza? Nikisema, kiti kinakwenda. Nikinyamaza, watu hawa wataamka kesho waoge, wavae kanzu safi, wasimame mbele ya Mungu wao na najisi kichwani ambayo mimi nimewapaka kwa mkono wangu. Mimi ni Mkristo, mwanangu, tena wakati huo nilikuwa Mkristo wa kusukumwa na mama. Lakini niliogopa. Niliogopa kana kwamba nimetia sumu kwenye chungu cha watu.

Nikasogea kwa Mzee, nikamwambia sikioni.

"Mzee, acha wembe. Hii brashi ni nywele ya nguruwe."

Aliniuliza kwa sauti ya chini nimejuaje. Nikamwambia nimezikwangua nyumbani tangu utoto, harufu yake haiwezi kunipotea. Nilisubiri anipige kofi, na kusema kweli ningelipokea kwa shukrani.

Hakunipiga. Alikunja wembe, akauweka mezani. Akaichukua ile brashi mkononi mwangu kwa kipande cha gazeti. Akamgeukia mwalimu na watu wote, akawaambia waziwazi kuwa brashi ile ni ya nguruwe, kwamba haijamgusa mtu ila Mwalimu Abdalla, na kwamba siku hiyo duka limefungwa. Mwalimu alisimama na povu lake kichwani, na ndiyo mara ya pekee nimemwona mtu mzito vile akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Akauliza aliyeinunua ni nani.

Mzee Salimu hakunitazama hata kidogo. "Duka ni langu," alisema. "Kilichomo dukani ni changu."

Mwalimu alitoka akaenda kujiosha. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakashuka kwa kinyozi mwingine karibu na stendi ya mabasi. Mmoja alisema akiwa mlangoni kwamba hayo ndiyo matunda ya kuweka watu wa nje kazini. Mzee alimjibu salamu yake ya kuaga kana kwamba hakusikia.

Tulibaki sisi wawili. Mke wake alituletea udongo safi kwenye karai. Katika dini yao, kilichoguswa na nguruwe huoshwa kwa udongo na maji, tena na tena, kwa idadi iliyowekwa. Tukaosha bakuli, tukaosha kiti, akaosha mikono yake, akanioshesha na mimi. Sabuni na taulo akazitupa. Mzee wa watu alikuwa amefunga, amechoka, mikono inatetemeka, na siku kubwa ya mapato kwa kinyozi yeyote wa Majengo ilikuwa imekwenda na maji. Nilitamani anitukane. Jioni nikaondoka bila kuaga vizuri, nikapanda Gatitu nikilia njiani kama mtoto, na sioni haya kukuambia.

Nyumbani nilimweleza mama yote, nikamwambia kazi imekwisha. Mama alikuwa akimenya viazi. Alimaliza kimoja, akachukua kingine, akaniuliza kama Mzee ameniambia nisirudi. Nikasema hapana.

"Basi hujafukuzwa," akasema. "Umejifukuza."

Siku ya Idd sikuthubutu kushuka. Kesho yake nikashuka. Nilimkuta Mzee Salimu anafagia, kazi ambayo ilikuwa yangu. Nikamnyang'anya ufagio kwa adabu. Aliniacha nifagie mpaka nikamaliza, kisha akanikalisha kwenye benchi, na hapo ndipo niliposemwa. Aliniambia nguruwe hana kosa, ni kiumbe cha Mungu na hakuja Majengo kwa miguu yake. Akaniambia habari ya kumuuliza muuzaji hanilaumu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakunikumbusha. Miaka yote amenunua za farasi, haikumpitia akilini kwamba ziko nyingine.

"Kinachoniuma ni kimoja," akasema. "Uliniambia iko tayari, na shavu lako lilikuwa halijaijua. Ungeipaka usoni mwako na maji ya moto asubuhi moja tu, ungejua wewe kabla ya mwalimu. Ulitaka nyuso za watu zikufanyie kazi ya uso wako."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu, na hayajatoka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakuniambia pole. Alivaa kofia yake, tukaenda pamoja kwa yule Mhindi. Mzee alimuuliza swali moja tu, na muuzaji akajibu bila kusita: hizi ngumu za nguruwe, zile kwenye kisanduku cha juu za farasi, na zile za bei ya wazungu ni za mnyama wa kwao anayechimba mashimo. Kila kitu kilikuwa kinajulikana. Kilichokosekana ni mdomo wangu. Nikachagua ya farasi, nikabonyeza, nikavuta, na Mzee akasimama kando akiniachia nichague mwenyewe.

Nikaizoeza palepale dukani, mbele ya mlango, kwa maji ya moto. Asubuhi povu, jioni povu. Wateja hawakuja, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele. Watu wa Majengo walipita wakielekea kwingine, wakaniona nimekaa na uso mweupe kama mzimu, mashavu yamewiva kwa kusuguliwa, vipele vinauma. Watoto walinipachika jina. Mimi nikaendelea kupaka. Siku kwa siku ncha zikalainika, mpaka asubuhi moja nikaipitisha shavuni nikasahau kwamba iko.

Nikamwambia Mzee Salimu iko tayari. Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku penye mwanga, akapitisha kidole chake kwenye shavu langu. Hakuuliza brashi. Aliangalia uso.

Ilikuwa Ijumaa, karibu na saa ya swala, njia yote imejaa wanaume wanaokwenda msikitini. Mzee akafungua mbao zote mbili za mlango. Akaniambia tutoe kiti nje, barazani. Nikafikiri anataka kukifuta vumbi. Akavua kofia, akaketi, akaegemeza kichwa nyuma, shingo yake nzima ikiangalia mbingu.

"Ninyoe," akasema.

Mzee Salimu hakuwahi kunyolewa na mwanafunzi. Alinyolewa na rafiki yake wa zamani tu, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilichovya brashi kwenye maji ya moto, nikapiga povu, nikampaka kichwa na shingo, pembeni mwa ndevu, na mvuke ukapanda nikausikia: sabuni, basi. Njia ilikuwa imepunguza mwendo. Watu walisimama wakitazama, na mimi wembe wangu uko kooni kwa mtu aliyebeba aibu yangu mbele yao hao hao. Nikanyoa, na mkono ukatulia. Sijui ulipata wapi nguvu, Mungu ndiye anajua. Alipofumba macho nilielewa kwamba hafanyi maonyesho. Alikuwa amelala kweli.

Nilipomaliza nikamfuta, nikageuka. Mwalimu Abdalla alikuwa amesimama mbele ya baraza, sijui tangu lini. Aliitazama brashi, akayatazama mashavu yangu mekundu. Kisha akavua kofia yake, akaingia, akaketi kwenye benchi kungoja zamu.

Mwanangu, ninyi mtapewa vitu vya kuwapaka watu. Mmoja atapewa ualimu, mwingine dawa, mwingine mimbari, mwingine atapewa kuongoza kijiji. Usiridhike kwamba kinang'aa na mpini umeshika mkono. Uliza kimetoka wapi, uliza bila haya, kwa maana wenye kujua wapo na hujibu wakiulizwa. Kisha kianze kwenye shavu lako, kwa maji ya moto, siku baada ya siku, hata kama kinakwaruza. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji, wazee walisema. Mimi naongeza: ukitaka kunyoa mwenzako, tangulia kulowa wewe.

Na utakapozeeka ukawa na duka lako, siku kijana wako atakapokosea mbele ya watu, msahihishe baadaye, nyinyi wawili, tena msahihishe kweli. Lakini mbele ya watu sema duka ni lako. Hilo sikufundishwa kwa maneno.

Mungu akupe maji ya moto katika asubuhi za baridi. Akupe mzee wa kukusema na kijana wa kumsema. Na mkono wako, mwanangu, uwe mkono ambao mtu anaweza kufumba macho chini yake akalala.